Jina la Muuzaji na Jina la Mtumiaji: Vipodozi Vipya katika Njia ya Voi na Taveta

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi vipodozi vipya, yaani mafuta ya ngozi, sabuni, poda, krimu na manukato, vilivyopokewa na kupewa majina katika njia itokayo Mombasa, ikapita Voi na kuishia Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania. Njia hiyo imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, bidhaa za pwani zimepita humo kwa muda mrefu: kwa mabega ya wapagazi katika karne ya 19, kwa reli tangu mwisho wa karne hiyo, na kwa malori na mabasi baadaye. Pili, Taita Taveta haikuwa mnunuzi wa bidhaa hizo tu. Milima na nyika zake zina mti ambao mafuta yake yanatafutwa na watengenezaji wa manukato wa ng'ambo. Kwa hiyo sehemu hii yaweza kutazamwa kutoka pande zote mbili za biashara.

Hoja ya makala haya ni kwamba kila kipodozi kipya hupata majina ya namna mbili. Jina la kwanza hufika pamoja na bidhaa, limeandikwa juu ya kopo au limetamkwa na mwenye duka. Hilo laweza kuitwa jina la muuzaji. Jina la pili huzaliwa baada ya kitu kutumiwa, nalo huundwa na wale waliokijaribu kwa miili yao. Hilo laweza kuitwa jina la mtumiaji. La muuzaji hueleza kile ambacho kitu kinaahidi. La mtumiaji hueleza kile ambacho kitu kimetenda. Baina ya majina hayo mawili hupita muda, na katika muda huo mnunuzi hana neno la kumwonya. Itaonyeshwa hapa chini kwamba muda huo umekuwa mfupi katika nyakati fulani, na mrefu wa kudhuru katika nyakati nyingine.

2. Wakati wa misafara

Yafaa kuanza na neno lenyewe lililo la kawaida kuliko yote, yaani mafuta. Neno hili si la kukopa. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hulirejesha kwenye shina la kale *-kuta, na ndugu zake wanaonekana mbali na pwani: Wakikuyu husema maguta, Wakamba mauta, na Wazulu amafutha. Neno hilo moja lilibeba mafuta ya kula, mafuta ya kuwashia na mafuta ya kujipaka. Kwa jamii nyingi za bara, mafuta ya kujipaka yalitokana na mnyama au na mbegu za mbarika, na mara nyingi yalichanganywa na udongo mwekundu. Wamaasai, ambao walikuwa wateja wakubwa wa biashara iliyopitia Taveta, walitumia mchanganyiko wa namna hiyo. Mtu alijua yalikotoka mafuta yake: ng'ombe alikuwa zizini, na mbarika ulikuwa kando ya nyumba. Katika hali kama hiyo hapakuwa na haja ya jina la muuzaji, maana muuzaji hakuwapo.

Pwani mambo yalikuwa mengine. Huko msamiati wa urembo ulikwisha kujaa maneno ya Kiarabu kwa sababu vitu vyenyewe vilipita katika mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi: udi, ambari, miski, zabadi, waridi, hina. Neno marashi lenyewe linatokana na shina la Kiarabu lenye maana ya kunyunyiza; kilichotajwa kwanza ni kitendo cha kurashia wageni, kisha jina likahamia kwenye maji yenyewe. Hata hivyo Waswahili hawakukopa tu. Kutokana na kitenzi cha Kibantu cha kunuka waliunda manukato, na tena wakatofautisha kunuka na kunukia. Tofauti hiyo inastahili kuangaliwa. Umbo la kutendea hapa limefanya kazi ya hukumu: kitu kinachonuka kinanuka tu, lakini kitu kinachonukia kinamnukia mtu, kinamfikia na kumpendeza. Kwa kuongeza irabu moja ndani ya kitenzi, mtumiaji amekwisha kusema kama kitu ni kizuri ama ni kibaya.

Manukato ya maji hayakufaa sana kubebwa kuvuka nyika kavu ya Taru. Urembo uliosafiri kwa wingi ulikuwa shanga, pamoja na nyaya za chuma na shaba na nguo za merikani. Johannes Rebmann, mmishenari aliyesafiri na kiongozi wa misafara Bwana Kheri, alipita Taita mwaka 1848 akielekea Uchagani, na tarehe 11 Mei ya mwaka huo akauona Mlima Kilimanjaro. Njia aliyoifuata ilikuwa njia ya wafanyabiashara; yeye alikuwa mgeni ndani yake. Joseph Thomson naye alipofika Taveta mwaka 1883, akiwa safarini kwenda Umaasaini, alilazimika kukaa hapo mpaka shanga zake zitungwe upya katika nyuzi za urefu uliokubaliwa na Wamaasai. Tukio hilo dogo linafundisha jambo kubwa. Shanga zilizotengenezwa Ulaya na kununuliwa pwani hazikuwa bado bidhaa kamili zilipofika Taveta. Aliyeamua rangi, ukubwa na urefu wa uzi alikuwa mvaaji wa bara, na mfanyabiashara asiyemsikiliza alirudi na mizigo yake.

Uwezo huo wa mvaaji ulionekana katika majina pia. Katika njia nyingine ya biashara, ile ya kati iliyoanzia pwani inayoelekeana na Unguja, Richard Burton aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwamba palikuwa na aina kama 400 za shanga. Miongoni mwa majina aliyoyanakili kwa ajili ya shanga nyekundu zilizopendwa mno, moja lilikuwa na maana ya kitu kivunjacho mji, na jingine lilikuwa na maana ya kitu kimalizacho chakula. Hapana mfanyabiashara ambaye angeita mali yake mvunja-mji. Hayo ni majina ya watumiaji na majirani zao, watu walioona akiba ya nafaka ikitoka ghalani ili shanga ziingie shingoni. Basi katika karne ya 19 jina la mtumiaji lilikuwa linatembea bega kwa bega na bidhaa. Kitu kilionekana kwa macho, kilipimwa kwa mkono, na madhara yake, yaani njaa, yalifahamika na kila mtu.

3. Reli, mkonge na duka

Mabadiliko makubwa yaliletwa na reli. Mwaka 1898, wakati daraja la Tsavo lilipokuwa likijengwa, garimoshi lilikuwa limekwisha kuipita Voi. Baada ya Wajerumani kuiteka Taveta mwaka 1914, jeshi la Waingereza lilianza mwaka 1915 kujenga tawi la reli kutoka Voi kuelekea magharibi, na mwaka 1916 tawi hilo lilivuka mpaka na kuungana na reli ya Tanga katika sehemu ya Kahe. Reli iliyojengwa kwa ajili ya vita ikawa baada ya vita njia ya abiria na mizigo. Mashamba ya mkonge ya Voi, Mwatate na Taveta yakavuta vibarua kutoka milimani na kutoka mbali, na kwa mara ya kwanza watu wengi wakawa na mshahara wa fedha mkononi kila mwezi. Penye mshahara pakazuka duka.

Kabla ya hapo, tangu mwaka 1883, J. A. Wray wa Church Missionary Society alikuwa ameanzisha kituo cha misheni katika mlima wa Sagalla; ndiye aliyechapisha mwaka 1894 kitabu cha kwanza cha utangulizi wa lugha ya Kitaita. Misheni hapo, kama mahali pengine Afrika ya Mashariki, ilileta pamoja na kusoma mafundisho juu ya nguo na usafi wa mwili. Mafuta na udongo mwekundu vikaanza kutajwa kuwa alama ya ushenzi, na sabuni ikatajwa kuwa alama ya ustaarabu. Kwa hiyo duka lilipofunguliwa bondeni, sabuni ilikuwa imekwisha kuhubiriwa milimani.

Ni muhimu kuona jinsi Kiswahili kilivyopokea bidhaa za duka. Njia ya kwanza ilikuwa kukopa. Sabuni lilikuwa neno la kale kutoka Kiarabu. Poda, krimu na losheni yalikuja na Kiingereza yakapewa irabu za mwisho na kuingizwa katika ngeli ya N bila matatizo. Njia ya pili ilikuwa kupanua maana ya neno la zamani, na hapa ndipo mafuta yalipofanya kazi nzito kuliko neno jingine lolote. Mwaka 1872 Robert Chesebrough alipata hataza huko Marekani kwa ajili ya Vaseline, kitu kilichotokana na mafuta ya petroli yanayochimbwa ardhini. Kilipofika Afrika ya Mashariki kikaitwa mafuta, sawasawa na samli na mafuta ya mbarika, ingawa hakikutoka kwa ng'ombe wala kwa mbegu. Jina la biashara nalo likashuka cheo likawa nomino ya kawaida: vaselini ikamaanisha kopo lolote la aina hiyo, liwe la kampuni yoyote.

Upanuzi huo wa maana haukuwa kosa. Lugha zote hufanya hivyo. Lakini una matokeo ambayo hayakutazamiwa. Neno la zamani huja na imani ya zamani. Mtu aliyezaliwa akipakwa mafuta na mama yake halioni neno mafuta kuwa geni hata kidogo, wala haulizi ndani yake mna nini. Hivyo mnunuzi alikabidhi kwa kiwanda asichokijua imani aliyokuwa nayo kwa ng'ombe wa zizini. Kwa vaselini imani hiyo haikumdhuru mtu. Kwa bidhaa nyingine, kama itakavyoonekana, ilimdhuru.

Tanzania mtumiaji aliunda jina lake mwenyewe kwa ajili ya vaselini, yaani mafuta mgando. Jina hilo halimsifu mtengenezaji wala haliahidi uzuri. Linaeleza hali ya kitu tu, kwamba ni mafuta yaliyoganda na ambayo hayatiririki, na kwa sababu hiyo linamfaa mtu anayechagua baina ya makopo mawili dukani.

4. Mafuta ya ng'ombe: pale mtumiaji anapomtangulia muuzaji

Isidhaniwe kwamba mtumiaji wa wakati wa duka alikuwa mpokeaji tu asiye na akili ya kugundua. Mfano mzuri ni wa Arimis, mafuta ya Kenya yaliyotengenezwa kwa ajili ya kukamulia, yaani kulainisha chuchu za ng'ombe zisipasuke na mikono ya mkamuaji isikwaruze. Kopo lilikuwa na picha ya ng'ombe na lilikusudiwa wafugaji. Lakini mkamuaji aliona mambo kwa macho yake: chuchu zilizopasuka zilipona, na mikono yake mwenyewe ikawa laini. Kutoka mikononi mafuta yakapanda usoni, kutoka kwa mkamuaji yakaenda kwa watoto wake, na baada ya muda yakawa mafuta ya kujipaka ya familia nyingi nchini Kenya, hata za mjini zisizomiliki ng'ombe.

Katika habari hii mpango wa kawaida umepinduliwa. Muuzaji alisema kitu ni cha ng'ombe. Mtumiaji akasema ni cha mtu. Ugunduzi haukutokana na tangazo bali na uchunguzi wa muda mrefu juu ya kitu kinachojulikana kazi yake. Na jina ambalo watu huyapa kwa mzaha, mafuta ya ng'ombe, linafanana kwa namna ya ajabu na kile ambacho babu zao wangalikiita mafuta ya ng'ombe bila mzaha wowote. Maana imegeuka, kwani zamani mafuta yalitoka kwa ng'ombe na sasa yanakwenda kwa ng'ombe. Lakini kipimo cha uaminifu kimebaki kile kile. Kisichomdhuru mnyama anayelisha nyumba hakitarajiwi kuidhuru nyumba.

Kipimo hicho ni kizuri pale tu matokeo yanapoonekana upesi na juu ya ngozi. Hakiwezi kupima kitu ambacho huipendeza ngozi leo na kuiharibu figo baada ya miaka.

5. Zebaki isiyotajwa

Katika miaka ya 1950 na 1960 ziliingia katika masoko ya Afrika ya Mashariki krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Nyingi zilikuwa na misombo ya zebaki. Kazi yake ndani ya ngozi inafahamika: zebaki huzuia utengenezaji wa melanini, yaani rangi inayoipa ngozi weusi wake na kuikinga na jua. Lakini zebaki haibaki juu ya ngozi. Huingia mwilini na kujikusanya katika figo.

Madaktari waliokuwa Nairobi ndio waliodhihirisha jambo hilo. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 1972 katika jarida la British Medical Journal, walieleza habari za watu wazima waliougua maradhi ya figo yanayovimbisha mwili na kupoteza protini katika mkojo. Zaidi ya nusu ya wagonjwa waliochunguzwa walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, na baadhi yao walipata nafuu walipoacha kuzitumia. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika ya Kusini, wakiongozwa na G. H. Findlay, nao walieleza madhara ya kemikali nyingine iliyokuwa ikichukua mahali pa zebaki, yaani haidrokwinoni: baada ya matumizi ya muda mrefu ngozi iliyotarajiwa kuwa nyeupe ilifanya mabaka meusi yenye vinundu, na mabaka hayo ni magumu kuondoka.

Kwa mintarafu ya lugha, swali linalozuka ni hili: mnunuzi wa Voi au wa Taveta angewezaje kujua? Kiswahili hakikukosa neno. Zebaki ni neno la zamani; limo katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, na wenyeji wa pwani walilijua kabla ya hapo kutokana na lugha ya waganga na mafundi wa vito. Lakini neno hilo halikuwa juu ya kopo. Palipoandikwa chochote, paliandikwa kwa Kiingereza na kwa istilahi za kemia ambazo hata msomaji wa Kiingereza cha shule asingezitambua. Dukani bidhaa iliitwa krimu, au mafuta, au sabuni ya dawa. Kila moja ya maneno hayo ilikuwa na imani yake ya zamani, na dawa zaidi ya yote. Sumu iliyokuwa na jina lake katika lugha ya mnunuzi iliuzwa kwake chini ya majina ya vitu alivyovipenda.

Hukumu ilikuja, lakini mwanzoni ilikuja kwa maneno yasiyogusa kiini. Ng'ambo ya mpaka wa Taveta, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza mwezi wa Oktoba 1968 kampeni iliyojulikana kama Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, nywele za bandia na krimu za kung'arisha ngozi, kuanzia tarehe 1 Januari 1969. Magazeti yalijaa barua za kuunga mkono na za kupinga. Mjadala ulikuwa juu ya heshima, utamaduni wa taifa na uhuru wa mwanamke wa mjini. Krimu iliwekwa katika fungu moja na sketi, kana kwamba madhara ya vyote viwili yalikuwa ya namna moja. Mwanamke aliyeona kwamba sketi yake haimdhuru mtu alikuwa na haki ya kudhani kwamba krimu yake nayo haimdhuru. Neno zebaki, ambalo lingetenganisha mambo hayo mawili kwa mara moja, halikuwa kitovu cha mjadala.

Majina ya kweli yaliundwa na watumiaji wenyewe. La kwanza ni kujichubua. Kuchubua ni kutoa ngozi ya juu, kama goti linavyochubuka mtoto akianguka. Kiambishi -ji- kinaongeza kwamba mtendaji na mtendwa ni mtu mmoja. La pili ni mkorogo, kutokana na kukoroga, ambalo lilienea Tanzania na kufahamika hata upande wa Kenya. Mkorogo ni kitu chochote kilichovurugwa pamoja. Jina hilo lilishika kwa sababu watu walichanganya krimu kadhaa, na mara nyingine vitu vikali vya kufulia, ili kuharakisha matokeo. Hakuna katika majina hayo hata chembe ya ahadi. Muuzaji alisema kung'arisha, yaani kutia nuru. Mtumiaji akasema kuchubua, yaani kutoa ngozi. Muuzaji alitoa kopo lenye jina la kampuni. Mtumiaji akasema ni vurugu lisilojulikana kilichomo.

Sheria ilifuata nyuma ya majina hayo. Mwaka 1998 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini Kenya lilipiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni na homoni. Tanzania iliweka usimamizi wa vipodozi katika sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003. Mkataba wa Minamata uliopitishwa mwaka 2013 ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni ifikapo mwaka 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama ziliamua kuondoa hata kiasi hicho, hivi kwamba kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kikatazwe ifikapo mwaka 2025. Ukihesabu tangu uchunguzi wa Nairobi wa 1972 hadi marufuku ya Kenya ya 1998, utapata miaka 26. Kwa shanga nyekundu za Burton, jina la onyo lilikuwa limekwisha kushika wakati biashara ingali motomoto.

6. Msandali: bidhaa inapoondoka bara

Hadi hapa Taita Taveta imetazamwa kama mahali panapopokea. Lakini katika manukato sehemu hii imekuwa pia mahali panapotoa. Mti wenyewe ni msandali wa Afrika ya Mashariki, ambao wataalamu wa mimea huuita Osyris lanceolata. Hauna undugu wa karibu sana na msandali wa India, Santalum album, ambao unga wake Waswahili wa pwani wamesaga kwa vizazi vingi na kujipaka kwa jina la liwa. Hata hivyo mbao na mizizi yake hutoa mafuta yenye kunukia yanayoweza kuingia mahali pa yale ya India.

Kwa wafugaji na wakulima wa bara mti huu haukuwa manukato. Wamaasai, wanaouita olosesiai, hutumia mizizi na magome yake kutia katika chai na supu, na kwa tiba. Matumizi hayo huchukua kipande na kuuacha mti. Jina la msandali lilikuwa la pwani na la kitu kilichotoka ng'ambo. Halikuwa jina la kichaka kilichoota juu ya mawe ya mlima wa jirani. Misandali ya India ilipoadimika na bei yake ikapanda, wanunuzi waligeukia Afrika, na jina la muuzaji likapanda mlima. Kichaka cha chai kikawa msandali.

Athari ya jina hilo kwa mti ilikuwa kubwa. Kwa kuwa mafuta yapo kwa wingi katika mizizi na sehemu ya chini ya shina, mvunaji haukati mti bali huung'oa, na mti uliong'olewa hauchipui tena. Zaidi ya hayo, msandali hukua polepole na hujitegemeza kwa mizizi ya mimea mingine, kwa hiyo si rahisi kuuotesha shambani peke yake. Mizigo ilivushwa mipaka kwa siri, na njia za Taita Taveta zikawa miongoni mwa njia za biashara hiyo. Mwaka 2007 Rais wa Kenya alitangaza marufuku ya kuvuna msandali. Mwaka 2013, kwa ombi la Kenya, misandali ya Afrika ya Mashariki iliingizwa katika Nyongeza ya Pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini.

Inaonekana basi kwamba mpango ni ule ule, ila umegeuzwa upande. Katika krimu, jina la kawaida lilificha kitu kigeni, na ngozi ikadhurika. Katika msandali, jina geni lilifunika kitu cha kawaida, na mlima ukadhurika. Katika hali zote mbili mtu wa mwisho katika mnyororo hakuona mwanzo wake. Anayejipulizia manukato mbali na Afrika haoni shimo lililoachwa na mzizi, kama vile aliyetengeneza krimu hakuona figo za mgonjwa wa Nairobi. Na mvunaji wa mlimani, anayelipwa kwa uzito wa kuni, hana jina lolote la kile ambacho mzigo wake utakuwa.

7. Hitimisho

Njia ya Voi na Taveta bado ina shughuli. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Taveta na Holili kilizinduliwa mwaka 2016, na tangu mwaka 2017 garimoshi la reli mpya husimama Voi likitoka Mombasa kwenda Nairobi. Bidhaa za urembo hupita pande zote mbili, zilizo halali na zisizo halali. Vijana wa sehemu hiyo hugundua vipodozi vipya kwa wingi na kwa kasi ambayo mvaaji wa shanga wa mwaka 1883 asingeweza kuiwaza. Kugundua huko si jambo la kulaumiwa; historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba hamu ya kitu kipya cha kujipambia ni ya kale katika njia hii, na kwamba mara nyingi imeendeshwa kwa busara. Mvaaji wa shanga alijua urefu wa uzi aliotaka. Mkamuaji alijua kazi ya kopo lake.

Tatizo limekuwa mahali ambapo jina la mtumiaji lilichelewa, na hapo ndipo kazi ya wataalamu wa lugha ilipo. Mambo mawili yanapendekezwa. La kwanza ni kwamba maneno kama mkorogo, kujichubua na mafuta mgando yaingizwe katika kamusi kwa maana zake kamili za vipodozi na kwa mifano ya matumizi, yasiachwe kama lugha ya mtaani. Hayo ni ushahidi wa watu waliojaribu. La pili ni kwamba istilahi za viambato zitafutwe na kusanifiwa kabla ya madhara kutokea, nazo zidaiwe juu ya kopo. Kwa haidrokwinoni, neno la mkopo lililokwisha kuzoewa na madaktari latosha. Kwa kiambato cha kwanza na kibaya zaidi hapana haja ya kuunda neno. Lipo, ni fupi, na mtoto wa shule ya msingi anaweza kulisoma. Lililobaki ni kuliandika mahali ambapo mnunuzi wa Voi ataliona kabla ya kutoa fedha yake: zebaki.